FIA Hawajaachia Bodi: Kanuni za 2027 Zinavyosomwa Kinyume Arusha

Habari za kanuni mpya za ubingwa wa dunia wa rali (WRC), zilizotungwa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari, na zitakazoanza kutumika 2027, zimefika kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa mbio za magari wa Arusha na Moshi zikiwa zimekatwa mkia. Kilichobaki ni sentensi moja inayorudiwa kwa kujiamini: FIA wameachia bodi. Kutoka hapo mtu anaruka moja kwa moja hadi kwa mkaguzi wa mashindano yetu ya klabu. Kama wakubwa wenyewe wameruhusu kila mtu ajichoree umbo lake, huyu bwana mwenye tochi na tepu anapata wapi ubavu wa kukataa boneti ya faiba, paa lililotobolewa au madigadi yaliyokatwa kwa grainda usiku wa kuamkia mashindano? Swali linachekesha watu na linapata vidole gumba vingi. Msimamo wangu ni kwamba habari yenyewe ni ya kweli lakini hitimisho lake limegeuzwa juu chini. Kanuni za 2027 ni ushahidi mzuri kuliko wote wa kwa nini gari la dereva wa ridhaa, lililojengwa juu ya Subaru au Mitsubishi ya barabarani, linapaswa kukaguliwa bodi kwa ukali uleule wa siku zote.

Tuanze na kilichopitishwa. Desemba 2024 Baraza la Dunia la Michezo ya Magari la FIA liliidhinisha msingi wa kanuni za kiufundi za WRC za 2027. Gari litajengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, bei yake itakuwa na ukomo wa euro 345,000, na umbo la nje linaweza kutokana na gari la dukani au likabuniwa upya, mradi lisitoke nje ya vipimo vilivyowekwa. Watu wamenasa hilo la umbo na kuliacha hilo la fremu, ingawa moja halisimami bila jingine. Wala jambo lenyewe si geni kama linavyosimuliwa. Magari ya Rally1, daraja la juu la ubingwa huo, yaliruhusiwa fremu ya mabomba tangu 2022, na Ford Puma zilizopita Naivasha kwenye Safari Rally ya mwaka ule zilifanana na Puma ya dukani kwa sura tu. Ukiivua ile sura, chini yake kuna keji kamili, yaani kizimba cha mabomba ya chuma, inayobeba injini, shokapu, viti na watu. Bampa likidondoka, gari halijapungukiwa kitu kinachomlinda dereva. Kwa gari la namna hiyo FIA wanaweza kuwa wakarimu kuhusu umbo, kwa sababu umbo halina kazi ya kubeba uzito wowote wa maana.

Sasa njoo kwenye Impreza ya miaka ya 1990 iliyoegeshwa kwenye gereji pale Unga Limited, hapa Arusha. Gari hilo halina chesisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, mihimili iliyo chini ya milango, nguzo za paa, ukuta unaotenga injini na abiria, na paa lenyewe, vyote vimeungwa kuwa kitu kimoja, na hicho kitu kimoja ndicho chesisi. Chukua kopo tupu la soda, ulisimamishe na ulikanyage polepole: litakubeba. Mwambie mwenzako aliguse ubavuni kwa kidole huku umelikanyaga, litakunjika papo hapo. Bati la gari, ambalo sehemu nyingi halifiki hata unene wa milimita moja, linafanya kazi kwa sheria hiyohiyo. Nguvu yake inatoka kwenye umbo lake kubaki zima. Kwa hiyo anayesema “bodi ni bodi tu” anazungumzia magari mawili yasiyofanana kana kwamba ni moja. Kwenye gari la 2027 bodi ni vazi. Kwenye gari lake yeye, sehemu kubwa ya bodi ndiyo inayomshikilia.

Hili linaonekana wazi zaidi kwenye miguu ya keji. Kiambatisho J cha FIA, kitabu kinachoongoza maandalizi ya magari ya mashindano duniani, kinataka upinde mkuu wa keji uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, la kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Hayo madereva wengi wanayajua kwa kichwa, maana bomba ndilo linaloonekana kwenye picha. Kinachosahaulika ni kinachofuata: pale mguu wa keji unapokutana na bodi, lazima pawe na bamba la chuma la kuimarisha lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120. Kwa nini eneo likatajwa hadi kwa sentimita? Kwa sababu gari likipinduka, uzito wote unashuka kupitia bomba na kutua kwenye lile bati jembamba la sakafu. Bila bamba la kuusambaza, bomba linatoboa sakafu na kutokea chini, na keji ya mamilioni inageuka kuwa fimbo ya kuwachoma walio ndani. Na bamba nalo lina sharti lake lisiloandikwa kwa namba: liwe limechomelewa kwenye chuma kizima.

Niliwahi kumshuhudia fundi bodi mmoja, mtu mzima aliyezeekea kazi hiyo, akimwonyesha kijana aliyekuwa ametoka kununua gari la mashindano la mkono wa pili. Gari lilikuwa linang'aa. Kijana anauliza, “Fundi, hapo chini si pazima tu?” Mzee akamkabidhi sumaku: “Pazima wapi, mdogo wangu. Shika mwenyewe, usije ukasema nakutafutia kazi.” Sumaku ikanata mlangoni, ikanata kwenye nguzo, ikafika kwenye kona ya mbele ya mhimili wa chini, nyuma kidogo ya tairi la mbele, ikaanguka. Mzee akachokonoa kwa bisibisi na puti la kujazia bodi likabanduka, nene kama kidole, chini yake kitambaa cha faiba, na nyuma ya kitambaa kutu ya kahawia iliyokuwa ikipukutika yenyewe. Ndani ya gari, upande wa pili wa kona ileile, ulikuwa umekaa mguu wa mbele wa keji. Rangi ilikuwa imepigwa vizuri sana. Mkaguzi anayeuliza mbona hapa pamejazwa puti hana shida na urembo wa gari la mtu. Anauliza keji imesimama juu ya nini.

Vipengele vingine vya bodi vinavyolalamikiwa vina sababu za karibu namna hiyo, ingawa si vyote vina uzito sawa. Boneti na buti zinatakiwa kuwa na vifungio vya ziada angalau viwili kila moja, na loki za kiwandani ziondolewe au zizimwe. Aliyewahi kuona boneti ikifumuka kwenye mwendo mkali na kuziba kioo chote cha mbele hahitaji kuelezwa zaidi. Ukuta wa kati ya injini na abiria lazima uzuie moto usipite, na hapa ndipo magari yetu mengi yanajikwaa bila wenye magari kujua: fundi umeme anatoboa tundu la kupitisha waya, waya unabadilishwa njia msimu unaofuata, tundu linabaki wazi. Tundu la ukubwa wa shilingi mia linatosha kuingiza moshi na mafuta yanayowaka kwenye miguu ya dereva. Tundu la hewa la paani linaruhusiwa kwenye rali, ila liwe kwenye theluthi ya mbele ya paa na lisiinuke zaidi ya sentimita 10. Vizuia tope vinavyoning'inia nyuma ya tairi vinatakiwa viwe vya plastiki inayopinda, unene usiopungua milimita 4, na ncha yake isiwe juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 10 gari likiwa limesimama. Hili la mwisho naona watu wanalidharau kuliko yote, na kwa barabara za mawe madogo za kuelekea Monduli au Oldonyo Sambu ndilo lingepaswa kudharauliwa kidogo kuliko yote, kwa sababu jiwe linalorushwa na tairi linalozunguka halichagui kati ya kioo cha gari la nyuma na paji la uso wa mtoto aliyepanda kwenye tuta kuangalia.

Kuna historia ambayo wanaoshangilia uhuru wa bodi wangefaidika kuikumbuka. Bodi huru juu ya fremu ya mabomba ilishajaribiwa. Ndiyo ilikuwa sura ya baadhi ya magari makali zaidi ya Kundi B, daraja la rali la miaka ya 1980, yaliyohitaji kutengenezwa magari 200 tu ili yakubaliwe. Mei 1986 Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walifia kwenye rali ya Corsica ndani ya Lancia Delta S4 iliyokuwa na fremu ya namna hiyo, maganda ya plastiki, na matangi ya mafuta yaliyokaa chini ya viti vyao. Gari liliungua hadi likabaki mifupa. Miezi miwili kabla yake watazamaji walikuwa wamekufa kwenye rali ya Ureno. Kundi B likafungwa mwishoni mwa mwaka huo. Sisemi plastiki peke yake ndiyo iliyowaua wale vijana wawili. Nasema uhuru wa umbo haukuwahi kuwa salama peke yake, ulihitaji kufuatwa na kazi kubwa juu ya kile kilichomo ndani. Ndiyo maana kanuni za leo zinaanza na fremu, ndipo zinafika kwenye umbo.

Kilichokuja baada ya 1986 kinatuhusu sisi wa huku moja kwa moja, na sijui kwa nini hakisemwi. Dunia ilirudi kwenye magari ya Kundi A na Kundi N, yaliyotakiwa kutokana na gari lililotengenezwa kwa wingi: 5,000 kwa miezi kumi na miwili, kisha idadi ikashushwa hadi 2,500 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ili ashindane, mtengenezaji alilazimika kuuza barabarani gari lenye turbo, lenye kuvuta kwa tairi nne, na lenye bodi ileile. Hiyo ndiyo asili ya Lancer Evolution na Impreza WRX. Zingekuwa kanuni za bodi huru miaka ile, Mitsubishi na Subaru wangejenga magari machache ya kiwandani kwao na kuyafungia huko. Badala yake yalijaa Japani, yakachoka, yakapanda meli, yakashuka Dar es Salaam, yakapanda hadi kwetu yakiwa na bei ambayo mfanyabiashara wa kawaida wa Arusha anaweza kuifikiria. Kanuni inayolaaniwa leo ndiyo iliyomleta huyo anayeilaani kwenye mchezo. Na hata kabla ya hapo, Afrika Mashariki ilikuwa na mapenzi na gari la kawaida lililoandaliwa vizuri: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404, gari la familia.

Hoja ya upande wa pili yenye nguvu ni ile ya uchumi, na nitaitendea haki kwa sababu sina la kuipinga moja kwa moja. Kibali cha FIA cha modeli ya gari hufa miaka 7 baada ya uzalishaji wake kusimama. Impreza za miaka ya 1990 zimeshavuka ukingo huo zamani, na Lancer Evolution imeacha kutengenezwa bila kuacha mrithi. Madigadi halisi ya mbele ya gari la namna hiyo sasa ni ya kuwinda. Unangoja vipande vya magari yaliyokatwa nusu kutoka Japani, unampigia mtu wa Ilala, unaambiwa kuna la kushoto tu na limekunjwa kidogo. Fundi wa faiba wa Arusha anaweza kukutengenezea la kulia kwa siku chache na kwa sehemu ndogo ya gharama. Kumwambia dereva anayejilipia kila kitu, kuanzia tairi hadi chakula cha mafundi, kwamba asubiri bati la kiwandani au asishindane, ni kumfukuza kwa upole. Mchezo wenyewe una washiriki wachache, na kila gari linalobaki nyumbani linapunguza ada, wadhamini na sababu ya watu kutoka majumbani.

Lakini angalia hoja hiyo inakwenda hadi wapi na inasimama wapi. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti. Bampa vilevile, na boneti. Vikivunjika vinafunguliwa, na gari linabaki na uimara wake. Huko kuna nafasi ya kulegeza, na naamini kanuni za daraja la klabu zingepaswa kusema waziwazi kwamba vipande vya kufunga kwa bolti vinaruhusiwa kuwa vya faiba mradi vifuate umbo la asili, visiwe na ncha kali, viwe na vifungio vinavyotakiwa, na gari likipimwa lifikishe uzito wa chini wa daraja lake. Kipengele cha uzito ndicho kinachomaliza ugomvi wa haki. Aliyeokoa kilo kadhaa kwenye boneti anazirudisha kwa kipande cha chuma kilichofungwa sakafuni kwa bolti, na faida yake inayeyuka. Ila ugumu wa spea hauwezi kunyooshwa ukafika kwenye nguzo ya paa, kwenye mhimili wa chini, kwenye sakafu au kwenye ukuta wa injini. Vile havinunuliwi Ilala kwa namna yoyote. Vinarekebishwa kwa kukata kilichooza na kuchomelea chuma kipya, kazi ambayo mafundi wa Arusha wanaiweza na ambayo haigharimu kama injini. Anayechanganya mafungu haya mawili, ama ni dereva anayetaka kuficha kutu nyuma ya umaskini, ama ni mkaguzi anayeona kila kitu kisicho cha kiwandani ni dhambi moja.

Hoja dhaifu kuliko zote, ukiacha ile ya 2027, ni ile ya “hatari ni yangu, niacheni”. Hakuna dereva wa rali anayeendesha peke yake. Pembeni yake kuna msoma ramani, ambaye mara nyingi ni mdogo wake, rafiki au mfanyakazi wake, na ambaye hakushika ile sumaku. Mchuma janga hula na wa kwao. Na kati ya steji na steji, yaani vipande vya mbio vilivyofungwa, gari hilo linapita barabara ya umma, katikati ya daladala na bodaboda za Kisongo, likiwa na bodi ileile.

Kuna lalamiko jingine ambalo halisemwi kwa sauti bali pembeni, kwamba ukaguzi unategemea nani anakagua na nani anakaguliwa. Gari lililopita mwaka jana linakataliwa mwaka huu bila kubadilishwa kitu. Sina haja ya kumtaja mtu ili nikubali kwamba lalamiko hili lina msingi popote ambapo sababu ya kukataliwa inatolewa kwa mdomo. Na hapa wenye kanuni wana deni. Kiambatisho J kinatoka kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa lugha ya wanasheria waliochanganyika na wahandisi. Anayelishika gari kwa mikono yake, akaamua akate wapi na ajaze nini, ni fundi bodi anayefanya kazi kwa Kiswahili na kwa maelezo ya kusikia. Anaambiwa na dereva, ambaye aliambiwa na dereva mwingine. AAT, chama cha magari cha Tanzania ambacho ndicho mwanachama wa FIA hapa nchini, ikishirikiana na klabu za kaskazini, ingeweza kutoa kijitabu cha kurasa chache chenye picha: bamba la mguu wa keji linavyopaswa kukaa, sehemu zisizoguswa kwa puti, tundu la ukuta wa injini linavyozibwa, mkato wa grainda unaishia wapi kwenye madigadi. Kikibandikwa ukutani kwenye gereji sita za Unga Limited na nne za Moshi, nusu ya magomvi ya siku ya ukaguzi yatakuwa yameisha kabla hayajazaliwa.

Siku yenyewe ya ukaguzi nayo ni tatizo. Kumkagua mtu mihimili na sakafu jioni ya kuamkia mashindano, wakati ameshalipa ada, ameleta mafundi na amewaalika wadhamini, ni kumweka mkaguzi kwenye kona ambako atalegeza moyo au atachukiwa. Kutu haikui kwa usiku mmoja. Sehemu zinazobeba uzito zingekaguliwa mara moja mwanzoni mwa msimu, gari likiwa limeinuliwa na mazulia yametolewa, matokeo yaandikwe kwenye daftari la gari lenyewe pamoja na picha, na likipata ajali kubwa likaguliwe upya. Jioni ya mashindano ingebaki na vitu vinavyobadilika: vifungio, mikanda, vizima moto, vizuia tope, taa. Daftari hilo lingekuwa pia kinga ya mnunuzi. Yule kijana aliyenunua gari la mkono wa pili angefungua ukurasa badala ya kutegemea mzee mwenye sumaku.

Na kanuni za 2027 zitatufikia, ila kwa mlango mwingine na kwa kuchelewa. Magari ya juu huzeeka Ulaya kisha huuzwa kusini. Ndivyo Skoda na Ford za R5, daraja lililo chini ya lile la juu, zilivyofika mikononi mwa madereva wa Afrika Mashariki. Siku gari la fremu ya mabomba litakapofika Arusha likiwa limeshapigwa mweleka mara mbili au tatu na wenyewe wa kwanza, maganda yake ya nje yatakuwa suala dogo kweli, na yeyote atayafyatua kwa faiba atakavyo. Kazi itakuwa kwenye bomba lililopinda milimita chache nyuma ya kiti cha dereva. Nani mkoani hapa ana mashine ya kulipima, nani amethibitishwa kulichomelea, na mkaguzi atajuaje kwamba bomba lililorudishiwa ni la chuma kilekile, maana sumaku hapo itanata kila mahali na haitamwambia kitu? Vyuo vya VETA vinafundisha uchomeleaji, na klabu zetu zina muda wa kuanza kuzungumza navyo kuhusu cheti cha kazi hiyo kabla gari la kwanza halijashushwa kwenye trela.